Kizimkazi: Kabla ya kuwatazama pomboo, itazame mashine

MTOTO wa miaka sita amesimama ufukweni, maji yamemfika vifundoni, mkono mmoja umeshika kanga ya mama yake. Mbele yao boti inayumba taratibu. Nyuma ya boti mashine imeshawashwa, na ubavuni mwake kijimkondo chembamba cha maji kinaruka na kuangukia baharini.

"Mama, mbona mashine inakojoa?"

Watu wazima wanacheka. Nahodha hacheki.

"Ameona la maana huyo," anasema. "Siku isipokojoa, hatwendi."

Hapa ni Kizimkazi Mkunguni, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kilomita 50 na ushei kutoka Mji Mkongwe. Familia inayotoka mjini hupita Tunguu, ikauacha msitu wa Jozani, ikafika Kitogani na kushika njia ya kusini. Wengi hujihimu asubuhi mapema, watoto wakiwa bado na usingizi machoni, kwa sababu moja: pomboo.

Hadi miaka ya 1990, pomboo wa hapa walikuwa wakivuliwa na nyama yao kufanywa chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja kuwatazama, mnyama yule yule akawa na faida zaidi akiwa hai. Mwaka 1997 bahari ya upande huu iliwekwa ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai. Leo nyumba nyingi za kijiji hiki hupata riziki kwa boti, iwe ya kuvulia au ya kuchukulia wageni. Na boti ni mashine. Ikizimika katikati ya bahari hakuna gereji ya kuisukumia. Ndiyo maana mwenye boti hujifunza kuitunza kwa mikono yake mwenyewe.

Moto unaopozwa kwa chumvi

Gari hupoza injini yake kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta, yale yale kila siku. Mashine ya boti haina rejeta. Chini ya mguu wake, karibu na pangaboi, kuna vitundu vinavyovuta maji ya bahari. Ndani yake kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mabapa, kinachoyasukuma maji hayo juu yakauzunguke moto wa injini. Kisha maji hutoka, na sehemu yake ndogo hurushwa pembeni ili nahodha aone kwamba mzunguko unafanya kazi. Huo ndio "mkojo" aliouona mtoto.

Ukikatika, mashine ina dakika chache tu. Mara nyingi kosa ni dogo: mfuko wa plastiki umeziba vitundu, au mchanga umejaa kwenye njia ya kutokea. Nahodha mzoefu huzima mara moja, akainua mguu wa mashine, akauondoa mfuko. Kile kitundu cha pembeni hukizibua kwa kipande cha mshipi wa kuvulia. Mkondo ukirudi, safari inaendelea. Usiporudi, huenda impela imechakaa, na safari hiyo imekwisha.

Ubaya ni kwamba maji yanayoipoza mashine ndiyo pia yanayoila. Mashine ikizimwa ikiwa na moto, maji yaliyobaki ndani hukauka na kuacha chumvi. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka njia zinakuwa nyembamba kama mshipa wa mtu mwenye maradhi ya moyo. Siku ya kuziba haichagui. Inaweza kuwa siku yenye watoto wanne ndani ya boti na upepo wa kusi unaosukuma kuelekea miambani.

Pipa la jioni

Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi. Jioni boti zikirudi, mashine hubebwa hadi uwanjani, ikafungwa kwenye ubao, mguu wake ukatumbukizwa ndani ya pipa. Maji lazima yapande juu ya vile vitundu, kwa sababu impela ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana. Pangaboi huvuliwa, gia huwekwa katikati, kisha mashine huwashwa na kuachwa ingurume polepole. Kazi hii ni ya nje, penye hewa, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Watoto wadogo hukaa mbali.

Hapo ndipo baba na kijana wake hukosana. Kijana ametoka skuli, mpira unamngoja. Baada ya dakika mbili anataka kuzima.

"Baba, si tayari? Maji yanatoka."

"Yanatoka, lakini hayajafika. Iache mpaka ipate moto."

Baba ana haki. Mashine nyingi zina kijilango ndani ambacho hufunguka injini ikishapata moto. Kabla ya hapo maji hayapiti kote, na chumvi iliyo ndani kabisa hubaki pale pale. Dakika 10 si nyingi kwa kitu kinacholipa ada na daftari.

Lakini na mama naye ana hoja. Maji ya pipa ni yale yale ya kupikia, kufulia na kutilia udhu. Mtu amekwenda kuyateka. Pipa likitumika siku mbili tatu bila kubadilishwa, maji yake nayo yameingia chumvi, na kazi inakuwa bure. Kwa hiyo swali la maji ya mashine huamuliwa jikoni pia, na ndoo moja ya ziada huhesabiwa pamoja na petroli kuwa gharama ya safari.

Yaliyobaki hayahitaji maji, yanahitaji macho. Chujio la petroli hukaguliwa kama limeingia maji. Mashine zinazochanganywa oili na petroli hupimiwa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzuia umeharibika. Kipande cha zinki kilichofungwa chini huliwa na bahari badala ya chuma cha mashine, hivyo kikifika nusu hubadilishwa. Na kila impela inapofunguliwa, kijana huitwa aje kuona.

Mkono wa fundi

Mwendo mfupi kaskazini, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Kuna hadithi inayosimuliwa kuhusu jina la mahali hapa: kwamba mfalme Kizi alikuwa na fundi wa mawe aliyeitwa Kazi, na fundi alipomaliza kujenga, mfalme akaamuru mkono wake ukatwe asije akajenga tena kitu kizuri kama kile.

Hadithi ni hadithi. Lakini wazee wa boti hapa wanafanya kinyume cha Kizi: kila jioni wanauongeza mkono mwingine, wa mtoto wao, juu ya pipa.

Mzazi mgeni hahitaji kujua kufungua mashine. Anahitaji kutazama kabla hajampandisha mtoto. Je, mkondo wa maji unatoka kwa nguvu? Je, lipo jaketi okozi linalomkaa mtoto, si la mtu mzima linalomvuka kichwani? Je, boti ina makasia, nanga na simu yenye chaji? Na nahodha atazuiwa asiwakimbize pomboo, kwani mashine iendayo polepole ni salama kwao na kwa watoto. Nahodha mzuri hakasirishwi na maswali hayo.

Saa nne na nusu boti inarudi. Pomboo wameonekana, watano kwa hesabu ya baba, ishirini kwa hesabu ya mtoto. Mama anamshusha, nguo zimelowa chumvi tupu. Mtoto anageuka kuitazama mashine.

"Bado inakojoa," anasema.

"Sasa ikaoge," anajibu nahodha, na kumwashiria kijana wake akalijaze pipa.