Gari limepanda, jeki imebaki chini

Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, ukingo wa Bonde la Ufa unakuwa mkono wako wa kushoto karibu safari nzima. Unapita Selela, unapita Engaruka penye mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe ya wakulima wa kale, kisha miti inapungua na mbele yako unasimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye urefu wa mita 2,962 ambayo Wamasai wanaiita Mlima wa Mungu. Chini yake ardhi ni majivu na kokoto. Ukishuka kwenye gari, kiatu kinazama.

Nimepita njia hii mara mbili kikazi. Safari ya tatu ilikuwa ya kifamilia. Mimi na kaka yangu tulikwenda Digodigo kumchukua shangazi yetu, muuguzi mstaafu, aliyekuwa na miadi ya upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Moshi. Digodigo iko jirani na Samunge, kijiji ambacho mwaka 2011 kilipokea maelfu ya watu waliofuata kikombe cha Babu, marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Shangazi aliushuhudia msururu ule wa magari. Anasema wapo waliofika hoi kwa sababu ya barabara kuliko kwa sababu ya ugonjwa.

Gari letu lilikuwa Hilux ya kaka, pikapu anayoipenda kama mtoto wa mwisho. Alikuwa ameipandisha: springi ndefu zaidi na matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Kwenye makorongo ilitamba kweli. Watoto wa Digodigo waliizunguka, mmoja akauliza kama ni ya jeshi. Kaka alitumia fedha nyingi kwa springi na matairi. Jeki ilikuwa ileile iliyokuja na gari.

Tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumeshaiacha Ngaresero nyuma, tairi la nyuma kushoto lilipasuliwa na jiwe. Ilikuwa saa tisa alasiri, na miadi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kaka akavuta handibreki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, akalegeza nati kabla ya kuinua. Shangazi alishuka bila kuambiwa, kwa sababu anajua hakuna mtu anayebaki ndani ya gari lililo juu ya jeki. Kaka akaiweka jeki chini ya ekseli, akazungusha mpaka ikafika mwisho. Tairi bovu likatoka. Lakini spea, likiwa limejaa upepo, halikuingia. Lilihitaji nafasi ya vidole vitatu hivi zaidi, na jeki haikuwa na pa kwenda.

Hapo ndipo akili ya haraka inapomponza mtu. Kaka alisema atalishusha gari kidogo, ailaze jeki juu ya jiwe bapa, ainue upya. Shangazi akakataa.

"Baba, kwanza sukuma hilo tairi bovu chini ya chesisi."

"Shangazi, ni dakika mbili tu."

"Nimeshika miguu ya vijana waliosema dakika mbili. Lisukume."

Nililisukuma mimi. Kaka akaweka jiwe, akaweka jeki juu yake, akaanza kuinua. Aliponyoosha mkono ili kupangusa ekseli, jiwe likapasuka. Jeki ikaruka pembeni, gari likashuka na kukalia lile tairi bovu. Vumbi lilipotulia, mkono wa kaka ulikuwa kati ya ekseli na ardhi, na palikuwa pamebaki kama kiganja kimoja. Aliutoa polepole, akauangalia, akaketi chini. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimekaa kwenye wodi za majeruhi nikihoji madaktari kuhusu bodaboda, kofia ngumu na mikanda. Sikuwahi kufikiri kwamba kifaa kinachokaa chini ya kiti nacho ni habari ya afya.

Baada ya kama saa nzima alifika dereva wa watalii, mtu mzima wa makamo. Alimwamkia shangazi, akazunguka gari, kisha akatoa vitu viwili: jeki ya mafuta aina ya chupa na kipande cha mbao pana. Mbao ilikwenda kwanza, juu ya udongo aliousawazisha kwa koleo. Jeki ikafuata, chini ya ekseli, karibu na springi. Alipofika mwisho wa kuinua na nafasi ikawa bado finyu, hakuongeza jiwe. Alichukua koleo akachimba udongo pale tairi linapokanyaga, akatengeneza kishimo. Spea likaingia.

"Gari likigoma kupanda, ishushe ardhi," alisema. Kisha akamuuliza kaka, "Hii jeki uliipima lini?"

Kaka hakuwa na jibu. Tulifika Moshi usiku wa manane, shangazi akaingia kliniki asubuhi akiwa na vumbi kwenye kilemba.

Wiki iliyofuata tulikaa uani na futi ya fundi. Ninaandika tulichojifunza kwa sababu siku hizi pikapu nyingi zimepandishwa, na baba wa familia anaweza kukwama akiwa na watoto ndani.

Kwanza, kupandisha springi hakuinui ekseli ya nyuma, kunainua bodi. Kinachoinua ekseli ni ukubwa wa tairi. Ndiyo maana ukiinua kwa chesisi unasumbuka: bodi inapanda, springi inanyooka, tairi bado liko chini, na gari linayumba. Ukiinua kwa ekseli, kila sentimita ya jeki ni sentimita ya tairi. Magurudumu ya mbele ya pikapu nyingi za sasa hayana ekseli nzima, kwa hiyo soma kitabu cha gari uone sehemu iliyoruhusiwa, na upime hapo pia.

Pili, pima mara mbili. Tulitoa upepo wote kwenye tairi la nyuma, gari likiwa juu ya ardhi ngumu, tukapima kutoka ardhini hadi chini ya ekseli: sentimita 21. Tukajaza upepo, tukapima tena: sentimita 36. Ukiongeza sentimita 3 ili tairi jipya liingie bila kusukumana, unapata 39. Kwa hiyo jeki yetu ilitakiwa iingie chini ya 21 na ifike 39 au zaidi. Nyingi madukani zinatimiza sharti moja na kushindwa jingine. Iliyotufaa ni jeki ya chupa yenye hatua mbili, ambayo mti wake mmoja unatoka ndani ya mwingine. Muuzaji alikuwa anatusifia tani, sisi tukawa tunamwonyesha futi.

Tani nazo zina maana yake. Hilux iliyojaa mzigo inakaribia tani 3, na ingawa unainua kona moja tu, chagua jeki yenye akiba. Lakini jeki ya tani nyingi isiyofika juu haitakusaidia.

Kaka alitamani ile jeki ndefu ya mkono, inayofungwa nje ya magari ya safari. Inainua juu sana, ni kweli, na inafaa gari lenye bampa ya chuma au vishikio imara ubavuni. Bampa ya plastiki haitaibeba. Inahitaji pia adabu: mpini wake ukiponyoka ukiwa na uzito, unaweza kurudi juu kwa nguvu na kumpiga mtu usoni. Shangazi alipoelezwa aliuliza swali moja tu: "Na taya je?" Mjadala ukaisha. Jeki ya magurudumu ya gereji inapendeza kwenye sakafu ya zege, lakini kwenye mchanga vigurudumu vyake vinazama. Mfuko unaojazwa kwa moshi wa ekzosi unasaidia kwenye tope na mchanga, ila miiba na ekzosi yenye joto ni adui zake.

Tulinunua pia mbao nene ya sentimita 30 kwa 30, koleo fupi, na vizuizi viwili vya magurudumu. Kila kabla ya safari kaka huinua gari mara moja pale uani, aone kama jeki inavuja mafuta au inashuka yenyewe. Na kanuni ya shangazi imebaki: tairi lililotoka linaingia chini ya chesisi kabla mkono wa mtu haujaingia popote.

Mwezi uliopita tulimrudisha Digodigo. Jicho limepona vizuri. Tulipofika pale pa jiwe, alimwambia kaka asimamishe gari. Alishuka, akatazama Lengai kwa muda mrefu, akasema safari iliyopita alikuwa anauona kama wingu.

Kisha akaenda nyuma ya gari, akainua turubai, akaiangalia jeki.