Amana ya Vitabu: Safari ya Pumwani

Tulipowasili Pumwani hatukujihisi ugenini. Adhana, harufu ya mahamri na Kiswahili cha wazee wa Majengo vilitupokea kana kwamba hatujatoka Mombasa. Tulibeba amana: shilingi 6,000 zilizochangwa na kina mama wa mtaani kwetu, ili darasa la dada yetu, mwalimu huku Eastlands, lipate maktaba. Watoto 40, kabati tupu.

Mwalimu alitupeleka katikati ya jiji, kwa wauzao vitabu vilivyotandazwa chini, ambapo mnunuzi hana budi ainame. Tuliinama. Hadithi za ng'ambo zenye picha za theluji zilikuwa rahisi mno; tukalipia 12 kabla hajatuzuia.

"Dada zangu," alisema, "kitabu kisichosomwa ni ghali hata kikipatikana bure."

Akatuonyesha rundo tulilolipuuza: vitabu vya kiada vya Kiswahili vya mtaala wa 8-4-4. Tangu mtihani wa mwisho wa KCPE ufanywe mwaka 2023, vimekuwa mayatima. Lakini visa vya ufahamu havikufa pamoja na mtihani. Usiku ule tulikaa mkekani kwake, tukavichambua na kuvishona kwa uzi, vikawa vijitabu vya visa vitatu vitatu. Fedha zilizosalia zilinunua hadithi mpya chache za Kiswahili, dukani.

Asubuhi kabati likafunguliwa. Vijitabu vyetu viligombaniwa. Vile 12 vya theluji vikabaki vimesimama kama wageni wasiokaribishwa. Tuliona haya, kwani fedha ile haikuwa yetu.

Alasiri tulizuru maktaba ya umma ya Kaloleni, tawi la Maktaba ya McMillan. McMillan ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Leo watoto wa mitaa hii huingia na vumbi la miguu yao, wakaketi wakasoma. Mwalimu ameazimia kulileta darasa lake huko kwa zamu, ili uchache wa kabati usiwakatize hamu.

Kina mama mliochanga, hiyo ndiyo hesabu yenu, pamoja na kosa letu. Ombi letu ni moja: kabla hamjavitoa vitabu vya wanenu vikafungiwe njugu, vifungueni kwanza. Huenda mna kisa ndani ambacho mtoto wa Pumwani anakingojea. Mwenyezi Mungu awatakabalie.