Tumbo la Mama Si la Kuchekwa



Wiki hii tuongee kuhusu misuli ya tumbo. Sisi wamama walimu tunajua kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kutaja moyo, mapafu na ini. Misuli ya tumbo haitaji, na kumbe ndiyo inayobeba kazi za mama yake kutwa nzima.

Misuli hiyo ni ya aina nne. Mbele kuna mikanda miwili iliyosimama, kutoka kifuani hadi kwenye kinena. Hiyo inatuinua kitandani. Ubavuni kuna misuli miwili iliyolala mshazari, mmoja juu ya mwingine. Hiyo inatugeuza tunapofua au tunapoweka mtoto mgongoni. Ndani kabisa kuna msuli unaozunguka tumbo kama kitenge kilichofungwa kiunoni. Huo unakaza tunaponyanyua mzigo, ukisaidia mgongo. Yote pamoja inashika matumbo mahali pake, inatusaidia kukohoa, kwenda haja na kusukuma mtoto siku ya kuzaa.

Katikati ya ile mikanda ya mbele kuna utepe mgumu. Mimba ikikua, utepe unatanuka na mikanda inaachana. Hiyo ni kawaida. Baada ya kuzaa inakaribiana tena polepole, zaidi katika wiki 8 za kwanza. Kwa wengine nafasi inabaki, na tumbo linaendelea kuonekana kama la mimba. Ndipo maneno yanaanza kwenye foleni ya maji: «Huyu ana mwingine tena?» Mama anapunguza chakula, naye ananyonyesha! Njaa haifungi misuli.

Hapa Goma maji yenyewe ni mzigo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22/5/2021, mabomba yaliharibika, na wengi wetu tulirudi kuchota ziwani. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20, kamba kwenye paji la uso, miguu juu ya mawe ya volkano. Mama aliyezaa juzi akiibeba, uzito unasukuma tumbo lake mbele na chini, wakati misuli bado imelegea.

Tufanye nini? Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, pima kwa vidole juu ya kitovu. Nafasi ikizidi vidole viwili, usiogope. Kila siku, ukiwa umelala hivyo, toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani, kisha legeza. Ukiamka, geukia ubavu kwanza. Ukinyanyua kitu, toa pumzi, usiizuie. Kitenge kinashikilia tumbo, lakini hakifanyi kazi ya misuli. Tena usikikaze hadi upumue kwa shida. Aliyepasuliwa amuulize daktari kwanza. Ukiona uvimbe unaouma kwenye kitovu, au mkojo ukikutoka ukikohoa, nenda kituo cha afya.

Lakini mazoezi hayatoshi kama bidoni inamngoja mlangoni. Katika kikundi chetu tumepanga zamu: mama akizaa, kwa wiki 6 maji yake yanachotwa na wengine. Wababa na vijana wa kiume nao wana migongo. Tuwaombe bila haya. Na wewe mama mkwe unayesoma hapa, neno lako nyumbani lina nguvu kuliko letu. Ukisema «aache bidoni, apumzike», ataacha.