Mhimili Ulioanzia Sitini

Mara nyingi nimewakemea kwa maandishi viongozi wanaotuonyesha grafu zilizopikwa. Leo zamu ya kukemewa ni yangu.

Katika somo la uchambuzi wa data nilichagua soka ili wanafunzi wasisinzie. Nilipakia kwenye Power BI msimamo wa Ligi Kuu ya Uingereza wa 2015/16, msimu ambao Leicester City walitwaa ubingwa kwa pointi 81. Nikachora mabao ya timu nne za juu: Manchester City 71, Tottenham 69, Leicester 68, Arsenal 65. Nguzo zilikaribiana mno, hazikuvutia. Nikauamuru mhimili wa wima uanzie 60 badala ya sifuri. Picha ikanoga.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, mbona City wanaonekana wamefunga zaidi ya mara mbili ya Arsenal?"

Nilinyamaza. Kila namba ilikuwa sahihi. Picha ndiyo iliyosema uongo. Juu ya 60, City walibakiwa na 11, Arsenal 5. Sikuwa na nia mbaya; nilitaka kupendeza tu. Huenda hata wale ninaowalaumu huanza hivyohivyo.

Tuliirudisha sifuri. Nguzo zikakaribiana tena, na swali la maana likajitokeza: bingwa aliyekuwa wa tatu kwa mabao alishindaje? Alipoteza mechi 3 tu kati ya 38.

Ndugu msomaji, ukionyeshwa grafu ya bajeti au ya ajira, usistaajabie kwanza urefu wa nguzo. Tazama chini, zinaanzia wapi.