Uwatu si Badala ya Kidonge

Sifa njema zote zamstahiki Mola, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa zake.

Mwaka mmoja, katika darsa ya baada ya Alasiri, msikitini mwetu Mji wa Kale, tuliusifu uwatu. Tulisema hushusha sukari, tukaishia hapo. Mzee mmoja, jirani yetu wa Kibokoni, alitoka akaenda Marikiti kununua uwatu, na vidonge vyake akavifungia kabatini. Baada ya miezi miwili tulimzuru kitandani, kidonda cha mguu kimekataa kupona. "Sheikh, nilifuata neno lako," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliotuuma.

Leo twataka kulikamilisha neno tuliloliacha nusu.

Tulapo mahamri, wali wa nazi au muhogo, wanga huvunjwa na vimeng'enya kinywani na utumboni ukawa sukari, kisha ikaingia damuni. Arowekaye uwatu usiku, asubuhi huona maji yamefanya ute. Ute huo hutokana na nyuzinyuzi zisizosagika. Ufikapo utumboni huchelewesha kuvunjwa kwa wanga, na sukari ikapanda taratibu. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini kuchelewesha si kuondoa, wala uwatu hauwezi kushika nafasi ya kongosho lililochoka.

Mitishamba na hospitali si mahasimu. Kidonge cha metformini, wakimezacho wengi wetu, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mwaka 1957 tabibu Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza namna dawa hiyo ilivyowafaa wagonjwa wa kisukari. Kilichoongezeka ni kipimo: uzito wa dawa ndani ya kidonge wajulikana, nguvu ya konzi ya uwatu haijulikani. Ndiyo maana achanganyaye viwili hivyo bila kumwarifu daktari, sukari huweza kumshuka mno, khasa katika saumu, akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazimia.

Basi ndugu zetu, atakaye uwatu na anywe, lakini asiache vidonge, na daktari wake aambiwe. Nasi tusikilizwao tupime maneno yetu kama mfamasia apimavyo dawa, kwani ulimi hauna mfupa. Mzee wetu bado huja sala ya Alfajiri akichechemea. Kila tusikiapo mkongojo wake ukigonga sakafu, twamwomba Mola amponye, nasi atusamehe. Amin.