Kupanga vitabu nako kunasomewa?

Swali hilo huulizwa mara kwa mara katika ukoo wetu hapa Kariakoo, tena huulizwa kwa nia njema. Jamaa zangu ni wafanyabiashara. Kwao mkutubi ni mtu wa kugonga mihuri na kurudisha vitabu kwenye rafu. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na kila ninapoaga kwenda mafunzoni hunilazimu kulijibu upya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na soko letu. Zama hizo ukutubi ulisomewa mbali. Shule yake ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, Uganda, mwaka 1963. Leo tunacho chuo chetu Bagamoyo, SLADS, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Hata hivyo, cheti cha Bagamoyo ni mwanzo tu. Mchukulie binti anayesomea uuguzi, anayeandika utafiti kuhusu kifafa cha mimba. Ameiona makala anayoihitaji mtandaoni, lakini anadaiwa dola ili aisome. Akimkuta kaunta mtumishi asiyefundishwa, ataambiwa haipatikani, naye ataandika bila kuisoma. Aliyefundishwa atauliza kwanza kama chuo kimejiunga na Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kuyasoma bure au kwa ada nafuu. Kisha atakaa naye, amwonyeshe namna ya kutafuta. Binti huyo kesho atakuwa wodini na wake zetu na dada zetu.

Ndiyo maana hunikera kuona warsha zikihudhuriwa na wakuu pekee. Hurudi na mikoba mizuri, Alhamdulillah, lakini anayekutana na wanafunzi hadi saa nne usiku hapati hata muhtasari.

Kwetu akina mama lipo na la nyumbani. Kozi ya wiki mbili maana yake ni wiki mbili za mtu mwingine kuwapeleka watoto madrasa na kuhakikisha wamekula. Mume wangu aliniruhusu. Walionung'unika ni shemeji zangu. Mama mkwe, ambaye elimu yake ni ya chuoni kwa maalimu tu, ndiye aliyewanyamazisha. Aliwauliza kama wangemtuma mtoto kununua dawa kwa muuzaji asiyezijua dawa zake. Kisha akahamia kwetu na mkeka wake, akakaa siku zote kumi na nne.

Mafunzo mengine yapo baada ya Idi, In shaa Allah. Nimeandika barua kuomba twende wawili, mimi na kijana wa zamu ya usiku. Jibu bado halijaja.