Mzinga Usiojiendesha

Neno "mzinga" lina maana zaidi ya moja: ni makao ya nyuki, tena ni silaha kubwa ya kurushia makombora. Mwanafunzi wangu mmoja hapa kisiwani Nkombo aliniomba nimsaidie kuunda kwa karatasi mzinga unaojiendesha, ule wa Vita vya Pili vya Dunia uendao kwa injini yake kama kifaru. Nilikubali kwa sharti moja: tuunde mzinga uliopita katika nchi zetu.

Vita vya Kwanza vilifika hadi hapa. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, jirani yetu wa kaskazini. Mwaka 1916 Wabelgiji wakavuka kuingia Rwanda. Basi tulichagua mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi, mingi wakaitengenezea magurudumu, wakaisambaza vitani. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ambako maji ya Kivu yetu huteremkia kwa Mto Rusizi. Meli hiyo ndiyo MV Liemba ya leo.

Tulipunguza vipimo mara ishirini: mtutu wa mita 4.2 ukawa wa sentimita 21. Tuliviringisha karatasi ya manila juu ya kijiti, tabaka juu ya tabaka, mtutu ukawa mnene nyuma na mwembamba mdomoni. Magurudumu ndiyo yaliyotutoa jasho. Kila spoku ilikatwa peke yake kwa wembe, na gurudumu la kwanza lilipinda kwa unyevu wa ziwa kabla gundi haijakauka.

Ulipokamilika, niliuweka mezani darasani kwa majivuno. Binti mmoja akauzunguka polepole, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hauna injini wala ng'ombe? Ulivutwa na nani?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimehesabu spoku zote, lakini sikumkumbuka mtu hata mmoja.

Ulivutwa na watu. Wanyama wa kukokota walikufa kwa maradhi yaenezwayo na mbung'o; hivyo mamia ya wanaume walishika kamba, wakauburura porini na matopeni. Pande zote za vita zilitumia wapagazi, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Sasa tazama tena aya yangu ya pili. Nimeandika kwamba Wajerumani "wakaisambaza" mizinga. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini imewaficha waliovuta. Kauli ya kutendwa nayo huweza kuficha: "mzinga ulivutwa" ni sentensi kamili, na mtendaji hayumo. Ndiyo maana raia mwema hujifunza kuongeza maneno mawili: na nani? Barabara ilijengwa na nani? Fedha zilitumiwa na nani? Uamuzi ulipitishwa na nani?

Tulirudi kwenye mkasi. Tulikata watu arobaini wa karatasi, tukawafunga kwa uzi mbele ya mzinga. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko mzinga wenyewe, kwa kuwa wanafunzi walikataa kuwapa wote sura moja.

Zoezi lako: andika sentensi tano za kauli ya kutendwa kuhusu kijiji chako, na kila moja imtaje mtendaji.